Saa Moja na Dakika Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Leo amekuja mtafiti kutoka chuoni, mama mwembamba mwenye miwani, na katoni la madaftari. Anachunguza hali za watu wanaofanya kazi hospitalini: wanalalaje, wanakulaje, mioyo yao ikoje, na kama wanaolipwa kidogo wanaumia kuliko wanaolipwa vizuri. Muuguzi mkuu wetu akamwambia, "Hilo la mwisho ungetuuliza tu, tungekujibu bila daftari." Tulicheka sote, hata yeye mtafiti.

Kila mmoja kapewa daftari aandike msimu mzima wa mvua. Si lazima kulirudisha. Yeye atakuja mara tatu na maswali yale yale, aone majibu yanabadilikaje. Nimemjibu haraka haraka, mikono bado ina sabuni. Swali la saba: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umetoka kazini ukiwa na amani na jinsi ulivyowahudumia wagonjwa?" Nikasema mara nyingi. Akaweka nne kati ya tano.

Mimi ni muuguzi msaidizi, wodi ya wanawake, mwaka wa kumi na tisa. Nina mume fundi uashi na watoto wawili shuleni. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko ripoti ya zamu. Tutaona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Mume wangu kakaa mlangoni anaitazama kama mgeni ambaye hakualikwa. Ikinyesha, hakuna anayejenga.

Jumanne, 11 Machi

Mtafiti alisema tueleze tunapofanyia kazi. Haya. Hospitali yetu imejengwa kwenye mteremko. Chini ndiko tuliko sisi: vitanda ishirini na sita, paa la mabati, bomba moja la maji linalofanya kazi. Juu iko wodi ya kulipia, vyumba kumi vyenye mapazia. Kati yetu pana njia ya saruji iliyoinuka, yenye paa lakini haina kuta, kwa hiyo mvua ikija na upepo unafika juu umelowa upande mmoja.

Tuna mashine moja ya oksijeni, yenye magurudumu manne, moja bovu. Mitungi miwili iko stoo, mitupu tangu mwezi wa kwanza.

Muuguzi mkuu tunamwita Mama Funguo asipokuwepo, kwa sababu hata kabati la pamba analifunga. Tulisoma darasa moja la uuguzi, ingawa yeye ananizidi umri sana. Yeye akapanda, mimi nikabaki. Nimewahi kumwonea wivu, nimeacha.

Na kuna Mgeni, muuguzi wa mkataba. Ana miaka miwili hapa na bado tunamwita Mgeni. Msichana mkimya, anatembea kichwa juu, chai hanywi na sisi. Mimi namwona ana maringo.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna jipya. Mashuka hayakauki.

Jumatatu, 24 Machi

Kitanda namba saba kimepata mtu tunayemjua. Ni Dobi! Mama aliyefua mashuka ya hospitali hii miaka kumi na minne, kule nyuma kwenye chumba cha mvuke na dawa ya kung'arisha. Kifua kimembana, midomo imegeuka rangi. Daktari kasema mapafu yamechoka, na sasa yameingiwa na homa. Kawekewa mrija wa puani, mashine ikawashwa, na baada ya nusu saa akafumbua macho akalishika shuka alilolalia.

"Hili," akaniambia, "nimelifua mara nyingi kuliko nguo zangu."

Halafu akanigombeza. Kona zimekunjwa vibaya. Nikazikunja upya akiwa ananitazama.

Kumbe hakuwa hata mfanyakazi wa hospitali. Miaka mitano iliyopita kazi ya kufua ilipewa kampuni, na kampuni haina kadi ya matibabu kwa watu wake. Kwa hiyo ameletwa chini kwetu. Nilimsalimia kila siku miaka yote hiyo na sikuwahi kujua.

Alhamisi, 27 Machi

Dobi anaendelea vizuri akiwa na mashine. Ukiitoa ili aoge, baada ya dakika tano anaanza kuvuta pumzi kwa mabega. Leo kawachekesha wodi nzima. Kasema anaweza kumjua daktari kwa koti lake: huyu anajifuta mdomo na mkono, yule anaficha maandazi mfukoni, na mkurugenzi wetu koti lake halijawahi kuwa na doa hata moja, "sasa mniambie, anafanya kazi gani?"

Hata Mgeni kacheka. Ana meno mazuri, sikuwa nimewahi kuyaona.

Jumapili, 30 Machi

Mvua mchana kutwa. Dobi kala uji, kaulalamikia.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo siandiki.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejaribu jana nikashindwa. Leo niko nyumbani, mume wangu kaenda kuulizia kibarua. Naandika yote mara moja, halafu nifunge.

Alhamisi, saa tisa kamili alasiri, mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Mgeni alikuwa amepeleka damu maabara. Muuguzi mkuu akasimama mlangoni, bega moja limelowa, akaniita kwa kidole.

"Peleka mashine juu."

"Juu kwa nani?"

"Yao imeharibika. Kuna mzee kafanyiwa upasuaji wa goti, familia yake inataka iwe karibu. Ni saa moja tu, fundi yuko njiani."

"Na Dobi?"

"Asubuhi oksijeni yake ilisoma ngapi?"

"Tisini na nne."

"Basi anaweza kusubiri saa moja."

Tisini na nne ile ilikuwa ya mashine. Mimi nilijua. Yeye alijua. Tulitazamana, wanawake wawili tuliosoma darasa moja, na mimi ndiye niliyeshusha macho kwanza.

Nikaenda kitanda namba saba. Nikamtoa mrija puani. Dobi akaniuliza, "Inakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Inakwenda kusafishwa. Inarudi sasa hivi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua kazi. "Waisafishe vizuri, basi."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Najua kwa sababu niliitazama saa ya ukutani ili nisimtazame yeye.

Niliisukuma mashine kwenye ule mteremko. Gurudumu bovu linalia ukilisukuma juu, likishuka halilii. Chumbani mzee wa goti alikuwa ameketi, anakula matunda, anatazama televisheni. Mwanawe akaniambia, "Weka pale pembeni." Nikauliza niichomeke kwenye umeme. "Hapana, hapana, iwepo tu."

Iwepo tu.

Niliporudi Mgeni alikuwa amefika, ameshika kidole cha Dobi chenye kipimo cha oksijeni. Themanini na sita. "Mama, mashine iko wapi?" Nikamwambia. Alitoka mbio. Akarudi mikono mitupu, nywele zinachuruzika. Wamemwambia fundi yuko njiani. Themanini na moja. Akaenda tena. Wamemwambia ampigie muuguzi mkuu. Simu ya muuguzi mkuu ilikuwa inatumika, inatumika, inatumika. Akaenda mara ya tatu, akazuiwa mlangoni na mlinzi kwa sababu analowesha sakafu.

Mimi nilikuwa nimempandishia Dobi mito mgongoni. Alinishika hapa, juu ya kifundo cha mkono. Nilihesabu pumzi zake, ndiyo kazi niliyofundishwa. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Arobaini na nne kwa dakika. Alikuwa macho wakati wote. Hakuniuliza tena.

Saa kumi na nusu nilimwachia Mgeni mkono wake nikapanda mwenyewe. Sikubisha hodi. Mashine ilikuwa ukutani pale pale nilipoiacha, waya umezungushwa kama nilivyouzungusha, juu yake gazeti na kofia ya mtu. Mzee kalala. Mwanawe yupo dirishani anazungumza na simu. Nikaiondoa kofia, nikaiweka kitini, nikaivuta mashine nikatoka nayo. Hakuna aliyenizuia. Hakuna hata aliyeniangalia. Ningeweza kufanya hivyo saa tisa na robo.

Nilifika chini saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Mgeni alikuwa anamfumba macho.

Baadaye daktari akatia sahihi akaondoka. Muuguzi mkuu akafungua faili la Dobi, akaniwekea mbele. "Karatasi isibaki na nafasi wazi," akasema, na akatoka. Hakuniambia niandike nini. Mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu: Saa kumi, oksijeni inaendelea. Saa kumi na nusu, oksijeni inaendelea.

Jumatatu, 7 Aprili

Mtafiti kaja mara ya pili. Swali la saba. Nikasema mara nyingi. Akaweka nne.

Jumanne, 8 Aprili

Nahesabu pumzi za watu. Mume wangu akijinyoosha mchana: kumi na sita. Muuza duka: ishirini, mnene yule. Mwanangu mdogo akifanya hesabu: ishirini na mbili. Sikuamua kuhesabu. Nakuta tu nimeshafika kumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepeleka mashuka machafu kwa dobi, na mlangoni katokea Dobi.

Nilidondosha furushi. Alikuwa ni binti yake. Ana uso ule ule, mikono ile ile mipana, aproni ya mama yake imefungwa mara mbili kiunoni. Kampuni imemhurumia, kasema, imempa nafasi ya mama. Kaanza Jumatatu.

"Wewe ndiye mama wa wodi ya chini?" akaniuliza. "Mama alikusifu sana. Alisema ukimgusa una mkono mwepesi. Asante, mama. Mungu akulipe."

Nikasema pole, mwanangu. Nikasema tulijitahidi.

Kule ndani mvuke umejaa na harufu ya ile dawa inachoma koo. Alikohoa mara mbili wakati tunazungumza.

Ijumaa, 11 Aprili

Kanishukuru tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwomba mwenzangu apeleke mashuka. Kanijibu, "Kwani una miguu ya udongo?" Nimepeleka. Kanishukuru.

Jumatano, 16 Aprili

Kitanda namba saba kuna bibi wa kuvunjika nyonga. Kifua chake kizima, kichwa chake kizima, hana homa. Leo saa nane mchana, jua lilipotokeza kidogo, kaniita.

"Binti, huyu jirani yangu mmpe dawa. Anavuta pumzi kwa taabu tangu asubuhi."

"Jirani yupi, bibi?"

Akanionyesha upande wa ukuta. Upande ule hakuna kitanda. Hakuna nafasi hata ya kiti.

Nikamwambia ni mvua kwenye mabati. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyevunjika. "Mvua imekatika toka saa nne, mwanangu."

Nilisimama pale na shuka mkononi. Sikusikia kitu. Halafu nikasikia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemhamishia bibi dirishani. Namba saba nimeiacha tupu. Nimeandika kwenye ubao kwamba ni mbovu.

Jumanne, 22 Aprili

Kila mwezi kamati ya hospitali inapitia vifo. Sasa imefika kwa Dobi. Kwenye faili mgonjwa ana oksijeni mpaka saa kumi na nusu, halafu amekufa. Kwa hiyo kamati inauliza: muuguzi wa kitanda kile alikuwa wapi, asione kwamba mgonjwa anazidiwa? Muuguzi wa kitanda kile ni Mgeni. Kapewa barua. Akipatikana na uzembe anafutiwa leseni.

Wodi ya juu wameandika kwamba hakuna muuguzi yeyote aliyekuja kuomba mashine.

Nilimkuta kwenye chumba cha sindano, kaegemea sinki.

"Mama," akasema, "wewe uliniona nikienda. Mara tatu."

"Nilikuona."

"Utasema?"

Nikamwambia ngoja tuone. Hayo ndiyo niliyomjibu. Akanyoosha mgongo, akainua kichwa, akatoka. Yale niliyoyaita maringo siku zote ni mtu anayejizuia kulia.

Nyumbani nimemwambia mume wangu yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho si kawaida yake. Mwishoni akasema, "Ukisema, wanakufukuza. Mimi sina kazi mpaka mvua iishe. Watoto je?"

"Na yule binti je?"

"Yule si mwanangu."

Alisema hivyo akiwa ametazama chini, na baada ya kusema hakula.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemfuata muuguzi mkuu ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikafunga mlango nikamwambia, "Mwenzangu, unamwacha mtoto wa watu azame."

Hakukasirika. Alifungua droo, akatoa simu yake ya zamani, akaniwekea mezani. Ujumbe wa mkurugenzi wa siku ile, mmoja baada ya mwingine. Kumbe mwenzangu alikuwa amekataa. Mara ya kwanza alimjibu, Mgonjwa wangu anaitegemea. Mara ya pili, Naomba tutafute nyingine. Jibu la tatu la mkurugenzi lilikuwa fupi: Una miezi mingapi kustaafu?

"Ile simu iliyokuwa inatumika," akasema, "nilikuwa napiga hospitali ya pili kuazima mtungi. Wakaniambia niandike barua."

Tangu siku ile nilikuwa nimemchukia kwa raha, ilikuwa inanisaidia. Sasa nimenyang'anywa hata hilo.

"Hulali?" akaniuliza.

"Nalala. Nikiamka ndipo namsikia."

"Mimi nasikia gurudumu," akasema. Akairudisha simu kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Binti kanishukuru.

Alhamisi, 1 Mei

Nimejaribu kumkumbuka Dobi akicheka. Inakuja pumzi tu.

Jumatatu, 5 Mei

Binti wa Dobi ameanza kuvaa kitambaa puani akifua. Nimemwambia adai barakoa nzuri kwa kampuni. Akasema ameshaomba, wamemwambia mama yake alifanya kazi bila barakoa na hakulalamika.

Nimerudi wodini nikamwambia Mgeni, "Alhamisi nitasema mbele ya kamati." Alikuwa anavunja kichupa cha dawa, akajikata kidole. Nimemfunga plasta.

Alhamisi, 8 Mei

Watu watano nyuma ya meza ndefu, chupa za maji mbele yao. Mkurugenzi hakuwepo, yuko safarini. Mgeni upande mmoja, muuguzi mkuu upande mwingine, mimi katikati kama shahidi wa mwandiko wangu. Mume wangu alinisindikiza hadi getini, akiwa amevaa shati lake la sherehe. Hakusema niseme wala nisiseme. Alinitengenezea kola tu.

Mwenyekiti akasoma faili kwa sauti. Saa kumi, oksijeni inaendelea. Kisha akanigeukia, "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu. Na ni uongo."

Nikasema yote bila kupumzika, nikiogopa nikisimama sitaendelea: saa tisa na dakika kumi, mrija, mteremko, kofia, gazeti. Nikasema Mgeni alipanda mara tatu, na mara ya tatu akafukuzwa kwa kulowesha sakafu. Nikasema kwa saa moja na dakika arobaini mashine ilikuwa ukutani haijachomekwa, na mimi ndiye niliyeiondoa kwenye pua ya mtu aliyekuwa hai na aliyeniamini.

Mwenyekiti akauliza nani aliniagiza. Kabla sijafungua mdomo muuguzi mkuu akasimama.

"Mimi."

"Na wewe?"

"Mimi niliagizwa kwa simu. Ujumbe ninao hapa."

Mwenyekiti akanywa maji. Akafunga kifuniko cha chupa polepole. "Hilo la simu," akasema, "haliko ndani ya majukumu ya kikao hiki."

Muuguzi mkuu alibaki amesimama na simu mkononi, ameinyoosha mbele, na katika wale watano hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Jumatatu, 12 Mei

Mtafiti, mara ya tatu. Swali la saba. Nikasema, "Sifuri. Na ile ya mwezi uliopita ilikuwa sifuri pia, nilikudanganya." Akauliza kama ningependa kueleza, kisha akasema samahani, kwenye fomu hakuna sehemu ya maelezo. Akavua miwani. "Wanaonipa nne ni wengi mno," akasema, "nami naziandika tu."

Jumatano, 14 Mei

Majibu yametoka. Mgeni hana kosa, lakini mkataba wake ukiisha mwezi wa sita hautaongezwa. Muuguzi mkuu anapumzishwa mapema. Mimi nina barua ya onyo, na natolewa wodini, naenda dirisha la kadi kuandikisha wagonjwa. Mkurugenzi amerudi safari, nimemwona akishuka kwenye gari, koti jeupe.

Nikauliza kama familia itaambiwa. Wakasema ripoti ni ya ndani.

Kwa hiyo nimekwenda kwa dobi. Binti alikuwa anapanga mashuka yaliyokauka. Aliponiona akatabasamu, akafungua mdomo anishukuru.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Kaa chini, mwanangu."

Hakukaa. Nilimweleza akiwa amesimama, shuka limebanwa chini ya kidevu, ncha mbili mikononi. Nilipofika kwenye yale maneno ya kusafishwa, ncha moja ilimponyoka. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mama yangu alikuwa anajua mashine inavyosafishwa. Inafutwa pale pale, haihamishwi. Alijua unamdanganya."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Siku arobaini na moja nalibeba hili jambo, na hilo sikuwa nimelifikiria.

"Bibi yangu, mama yake mama, kila siku anauliza kama mwanawe aliteseka," akasema. "Mimi nimekuwa namjibu hapana, kwa sababu wewe uliniambia mlijitahidi. Jumapili uje umjibu mwenyewe."

Alihesabu mashuka safi ishirini, akayaweka kwenye toroli, akanigeuzia mgongo. Alikuwa anapumua kwa haraka. Ishirini na nane.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda. Mvua haijanyesha siku tatu, njia imekauka juu, chini bado tope. Vyumba vya nyumba ile vimepangana kwa mstari, vimetenganishwa kwa mbao ambazo hazifiki darini. Redio ya jirani ilikuwa inasikika kama imo humo humo chumbani. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mdogo kama mtoto, nguo imepigwa pasi hadi kola imesimama. Binti alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu. Masikio yamekwisha."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema taratibu, nimemshika mkono. Taratibu haikuwezekana. Nikasema mimi ni muuguzi wa wodi aliyolala mwanao. Hakusikia. Nikarudia kwa sauti. Nikasema mashine ilikuwa inamsaidia kupumua. Akauliza, "Mashine ilifanyaje?"

"Niliiondoa!"

"Nani?"

"Mimi! Niliiondoa mimi, bibi! Nikaipeleka kwa mtu ambaye hakuihitaji!"

Redio ya jirani ikazimwa. Upande wa pili mtu aliyekuwa anaosha vyombo akaacha. Nikajua mstari mzima unanisikiliza, na nikaendelea, kwa sababu bibi alikuwa ameninyooshea sikio. Nilipaza sauti kuhusu saa moja na dakika arobaini. Nilipaza sauti kuhusu uongo nilioandika. Hakuna namna ya kupiga kelele jambo kama lile ukabaki na namna ya kujitetea ndani yake. Nikamaliza.

"Aliteseka?" akauliza bibi.

"Ndiyo, bibi."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Mwenzangu alikuwa amemshika. Na mimi, mpaka saa kumi na nusu."

Akaufuta uso kwa kiganja, kwanza upande mmoja, kisha upande mwingine. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimekuja nao mdomoni, nikaona kuutoa ni kumwongezea mzigo wa kubeba.

Kisha akauliza, "Alilala kwenu siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hiyo uliyonieleza ni moja."

"Ndiyo."

"Sikusamehe," akasema bibi. "Usije ukatoka hapa ukadhani. Lakini siku kumi nyingine unazo wewe, mimi sinazo. Walinizuia kuja, walisema njia ni tope. Nipe hizo."

Nikamwambia sizikumbuki vizuri. Nikamweleza ukweli, kwamba kila nikimtafuta mwanawe nasikia pumzi tu.

"Basi anza na hiyo pumzi urudi nyuma," akasema. "Siku iliyotangulia. Asubuhi. Aliamkaje?"

Nikafumba macho. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, hakuna aliyewasha redio. Binti aliingia, akavuta kigoda, akakaa mbali nami.

"Aliamka kabla yetu," nikasema kwa sauti ya juu. "Alikuwa amejisuka nusu ya kichwa. Akaniomba nimsuke nusu iliyobaki, kwa sababu mikono ilikuwa imechoka."

"Ukamsuka?"

"Nilimsuka."

"Mistari mingapi?" akauliza bibi, na akasogea ili asikie.